Nywele za Tamira

Jumapili, Mei 25

Nimenunua daftari hili kwa hasira. Nisipoandika nitamgombeza mteja.

Leo saa kumi jioni wameonyesha sehemu ya kwanza ya *Ng'ambo ya Maji Meusi*. Vitabu vinne, nimevisoma mpaka majalada yametoka. Leo nimekaa kwenye saluni yangu mwenyewe hapa Bariadi, tumbo la miezi saba mbele yangu, nikiwatazama watu wa TV wakiviharibu. Tamira wa kitabuni ni mfupi, ana pengo, anaongea sana. Huyu wa kwao ni mrefu, meno yote yapo, na anatazama tu mbali. Mvushaji kipofu, ambaye bila yeye hakuna hadithi, wamemtoa kabisa. Joyceline ninayesuka naye hajawahi kufungua hata ukurasa mmoja, lakini amelia mara mbili. Nilipoanza kueleza mahali walipokosea, wateja waliniambia ninyamaze au nitoke nje. Kwenye saluni yangu, jamani.

Kwa asiyejua: Tamira anavuka maji kumfuata kaka yake katika nchi ya watu waliosahauliwa na kwao. Kila anaposahauliwa na mtu mmoja wa nyumbani anapoteza kitu. Kinaanza kivuli.

Vitabu hivi nilivipata sekondari. Maktaba ilikuwa na vitatu vya kwanza tu. Likizo ya msimu wa pamba nilikuwa narudi kwetu Zagayu, na tukichuma namhadithia mdogo wangu Nyamizi kwa Kisukuma, maana yeye shule aliishia darasa la nne. Palipochosha niliparuka, palipopwaya niliongeza vyangu. Kitabu cha nne sikukipata mpaka nimeshaolewa, kwa hiyo mwisho niliutunga mwenyewe, kwa kuwa Nyamizi hakukubali kuachwa njiani. Akisikiliza haitikii. Anakohoa kidogo tu, kh, ya kusafisha koo. Ukimwita jina ni hivyohivyo. Mama alimgombeza miaka yote: mtu akiitwa anaitika, hakohoi.

Nyamizi alizama ziwani miaka tisa iliyopita. Alikuwa anaanika dagaa Kalemela, siku hiyo walivuka kwenda visiwani na mtumbwi ukapinduka. Mwili haukuonekana. Baba mkubwa alisubiri hadi mvua zilipoanza, kisha akasema tunyoe nywele, msiba uishe. Tukanyoa.

Sijui kwa nini nimefika huku. Nilikuwa nalalamikia TV.

Jumanne, Mei 27

Upepo siku nzima. Malori ya pamba yanapita na nyuzi zimenasa kwenye kila mwiba wa barabara mpaka mlangoni kwangu. Joyceline anafagia, zinarudi.

Jumapili, Juni 1

Leo sijasikia neno hata moja la sehemu ya pili. Nilikuwa natazama nywele.

Tamira kasukwa twende kilioni, mistari ya kawaida ya kwenda nyuma, ambayo mtoto yeyote anaijua. Lakini kamera ilipokuja nyuma ya kichwa chake nilisahau kitana mkononi. Kila msusi ana mkono wake. Mimi nikiletewa kichwa cha mtu nakwambia kasukwa na nani hapa mjini, na Joyceline hivyohivyo. Ile mistari imelala upande mwingine, maana yake msusi ni mashoto. Halafu ule wa mwisho, nyuma ya sikio la kulia, haukufika shingoni. Umekatishwa katikati na ncha yake ikachomekwa chini ya mstari wa jirani.

Hivyo alikuwa anamaliza Nyamizi. Uvumilivu ulikuwa unamwishia kwenye mstari wa mwisho, anauchomeka chini ya mwenzake anasema basi. Vichwa vyetu vyote pale nyumbani vilikuwa hivyo, na nilimcheka mpaka nikachoka.

Nilimwuliza Joyceline kama ameona. Akasema ameona, msusi mvivu.

Jumanne, Juni 3

Mama kapiga simu. Nilimwamkia kwa Kisukuma, mwadila mayu, kama tunavyowaamkia mama zetu, hakuwa na muda wa salamu ndefu. Anataka kujua tumbo limekaaje, juu au chini, maana ameshaamua ni msichana na ataitwa Nyamizi. Anasema jina hilo limekaa bure miaka tisa, lirudi nyumbani. Kwetu ndivyo ilivyo, mtoto anapokea jina la aliyetangulia. Mwezi uliopita ningekubali bila kufikiri. Leo nimesema tutaona.

Jumapili, Juni 8

Fredrick, mume wangu, kaniletea chai na kuondoka polepole.

Sehemu ya tatu. Tamira anatembea ufukweni upande wa ng'ambo, anatafuta njia. Kukawa kimya, hata muziki wakauzima. Kwenye mchanga kuna nyayo za ng'ombe zinazotoka majini. Anazifuata, anafikiri zinampeleka bara, kumbe kila akizifuata zinaishia patupu. Kisha ng'ombe mwenyewe akaonekana. Mwekundu, hana kengele, anatembea kinyumenyume. Anarudi majini taratibu, macho yake kwa Tamira, na nyayo zake zinaonyesha kwamba ametoka.

Huyo ng'ombe hayumo kitabuni. Ng'ombe huyo ni wangu. Nilimtunga kwenye shamba la pamba la baba yangu, Zagayu, jua la saa sita, kwa sababu Nyamizi alikuwa ananiuliza hao watu wa ng'ambo wanapotezaje njia na mimi sikukumbuka kitabu kilisemaje. Nikasema kuna ng'ombe anatembea kinyumenyume. Nyamizi akaacha kuchuma. Akaniuliza ana rangi gani, nikasema mwekundu. Akauliza mbona hatumsikii, nikasema hana kengele. Akakohoa. Tangu siku hiyo hakukubali kwenda kisimani peke yake.

Sikumhadithia mtu mwingine, si shuleni wala si mume wangu. Wateja walisisimka, mmoja akasema hawa waandishi wana akili. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta. Pamba ilikuwa inaelea juu ya barabara na hakukuwa na upepo.

Jumatatu, Juni 9

Fredrick amesoma kitabu cha pili chote na nusu ya cha tatu ili anitulize. Yeye ni afisa mifugo, mtu wa Moshi, haamini kitu ambacho hakijachanjwa. Aliingia chumbani na vitabu kwapani akasema nina haki, hayumo. Kisha akaongeza kwamba kitaalamu ng'ombe hawezi kutembea kinyumenyume umbali ule. Nilicheka, halafu nikalia, na yeye akabaki amesimama hajui aanze na lipi.

Nimewaandikia wanaotengeneza tamthilia kwenye ukurasa wao. Nimeuliza swali moja tu: nani anamsuka Tamira?

Jumapili, Juni 15

Sehemu ya nne. Hakuna kitu changu. Nimekasirika kuliko siku nilipokuwa nalalamika wameharibu.

Jumapili, Juni 22

Leo kuna mawili.

La kwanza, nywele zimebadilika. Mistari ni mizuri, imenyooka, imefika shingoni yote. Msusi mwingine, mkono wa kulia. Wateja hawakuona tofauti. Mimi niliona kabla Tamira hajageuka.

La pili, mji wa Tamira kwenye TV umezungushiwa ua wa minyaa. Kitabuni ni ukuta wa mawe, na katika kitabu cha kwanza ukuta huo una kurasa nzima. Ua wa minyaa ni wa kwetu, ule ambao tuliambiwa tusiuvunje maziwa yakaruka machoni. Nilimpa Tamira ua wetu kwa sababu Nyamizi hakuwa ameona mji wenye ukuta wa mawe.

Alhamisi, Juni 26

Wamejibu. Ni mama mmoja anaitwa Ernestina, msimamizi wa nywele na mavazi, na ameandika kwa heshima. Anasema mwaka jana walipiga picha za mwanzo ziwani, upande wa Kalemela, na wasusi wao wakachelewa njiani. Wakampata mwanamke pale ufukweni. Alisuka kwa mkono wa kushoto, haongei na mtu, ila akisha kushika kichwa anahadithia. Mwigizaji alipenda, na mwandishi wao akawa anakuja kukaa pembeni kusikiliza. Baadhi ya mambo waliyachukua. Jina hakuwaambia, walikuwa wakimwita Mashoto. Asubuhi moja hakuja.

Nimeuliza umri wake, sura yake, kama ana kovu kwenye kidevu, kama la Nyamizi. Ernestina amejibu kwamba kila akijaribu kuikumbuka sura anaiona mikono tu. Ameomba radhi. Anasema hata mwigizaji naye ni hivyohivyo.

Jumatano, Julai 2

Mimi na tumbo hili siendi popote, kwa hiyo kaenda Fredrick, Kalemela na kurudi siku moja. Alipoingia hakuvua viatu, akaketi.

Amemkuta mwanamke anaitwa Veronica, anayeanika dagaa miaka mingi. Veronica anamkumbuka Mashoto, ila sura yake hapana. Alikaa kwenye kibanda mwisho wa vichanja, akasaidia kuanika, akasuka watu. Jioni alikuwa anasimama anatazama upande wa huku kwetu. Veronica alimwuliza siku moja kwa nini haendi kwao. Nimemlazimisha Fredrick anipe maneno yenyewe, si muhtasari. Yalikuwa haya:

"Kwetu walishanililia. Aliyeliliwa haingii mwenyewe, mpaka aitwe."

Baada ya hapo akaondoka kwa miguu, na barabara ya kuja Bariadi. Hakuomba lifti.

Fredrick hakuelewa, ikabidi nimweleze habari ya Mahona. Mahona ni jirani yetu wa Zagayu aliyekwenda machimboni. Ikaja habari shimo limemfukia, kwao wakanyoa. Baada ya mavuno mawili akarudi na begi lake. Wazee wakamkataza kuingia. Alisimamishwa nje ya ua toka asubuhi, sisi watoto tunamchungulia, mpaka mama yake alipotolewa ndani akamwita jina mbele ya watu na yeye akaitika. Ndipo akamwagiwa maji, akaingia, akala. Wazee walisema asipoitwa na mama yake, aliyeingia si yeye.

Hilo ndilo nililolitumia kumalizia hadithi. Tamira anarudi, anasimama nje ya minyaa, dada yake anamkumbusha mama yao jina, mama anaita, Tamira anaingia. Nyamizi aliupenda mwisho huo kuliko yote. Kitabu cha nne chenyewe kinaisha vingine kabisa, Tamira anakuwa malkia wa ng'ambo na kwao anapasahau. Nilipokuja kukisoma nilisema mwandishi ni mkubwa, anajua kazi yake. Sasa sijui.

Fredrick aliuliza taratibu kama ninafikiri yu hai. Nikamwambia kwamba maiti haisuki. Lakini nimekuwa nikiwaza sura ambayo hakuna aliyeikumbuka, na hilo sikumwambia.

Jumapili, Julai 6

Umeme umekatika saa tisa na nusu, umerudi tamthilia imekwisha. Joyceline anasema sikukosa kitu. Baridi asubuhi, vumbi mchana.

Jumapili, Julai 13

Mwisho wa tamthilia. Saluni ilijaa mpaka mlangoni, watu wamekalia ndoo.

Tamira amevuka. Hana kivuli, hana sauti. Ni mchana mweupe, hakuna mtu njiani, na pamba, sijui kwa nini waliweka pamba, inaelea. Akafika kwenye ua wa minyaa, akasimama. Nywele zake zilikuwa zile, mstari wa mwisho umechomekwa. Lazima walipiga picha hizo kabla Mashoto hajaondoka. Nikamshika Joyceline mkono. Mwisho huu naujua, nikajiambia, huu ni wangu, sasa mama anatoka anaita.

Mama akatoka. Akaweka kiganja juu ya macho, akaita, "Tamira!"

Na ndani ya ua mtoto akaitika. Binti mdogo, wa miaka kama minne, akaja mbio akamkumbatia magoti. Walikuwa wamempa jina la aliyepotea. Mama akambeba, akarudi naye ndani. Tamira wa nje alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga. Akageuka na kwenda, na kamera ikabaki pale kwenye vumbi ikionyesha nyayo zake zinazokuja nyumbani, zinazokuja tu, za kwenda hazipo.

Watu walilia. Mimi nilisimama nikaita jina la mdogo wangu kwa sauti mbele ya wateja wote. Hakuna aliyecheka. Joyceline alizima TV.

Huo mwisho si wa kitabu. Si wangu. Na waliupiga picha mwaka jana, wakati mimi sina hata mimba.

Jumamosi, Julai 19

Msichana. Mzima, sauti ipo.

Alhamisi, Julai 24

Mama alikuja siku ile ya pili na kuku wawili na mashuka. Tangu alipoingia anamwita mtoto Nyamizi, anamwogesha anamwita, anambembeleza anamwita. Kila akitaja nilikuwa nachomwa. Leo kitovu kimekatika, siku ya jina, nikamwambia jina hilo hapana.

Nilimwambia yote, nywele, ng'ombe, Veronica. Alisikiliza hadi mwisho, mtoto amelala kifuani pake. Nilitegemea atanigombeza. Alizungumza polepole, na hilo lilinitisha zaidi.

"Nilinyoa nywele zangu kwa mkono wangu," akasema. "Miaka tisa namlilia huyo mtoto. Leo unataka nisimame uani nimwite. Na asipoitika?"

Nikasema, "Na ukimwita, mayu, akaitika mtoto huyu badala yake?"

Alinipa mtoto na kufunga mzigo wake. Fredrick alimsindikiza stendi. Mtoto tumemwita Elina, jina la mama yake Fredrick. Nimempenda mtoto wangu leo kwa namna inayouma, maana nimemnyima jina la mama yake mdogo, na nimemkosea bibi yake, kwa ajili ya nywele nilizoziona kwenye TV.

Jumapili, Agosti 3

Saa kumi imefika, hakuna cha kutazama. Wateja wanauliza kama kutakuwa na msimu wa pili. Nimesema mimi nijuaje.

Jumamosi, Agosti 9

Mama kapiga simu mchana. Alianza na salamu zote, moja moja, ya mtoto, ya mume, ya kazi. Nikajua kuna kitu.

Anasema kuna mtu anasimama nje ya ua. Ni siku ya tatu sasa. Anakuja saa sita, jua likiwa kali, watu wamerudi kutoka kwenye pamba ya mwisho. Anasimama ng'ambo ya minyaa, mahali ambapo majani yamefungana, unaona nguo tu. Mbwa hambwekei. Watoto walimsalimia, hakuitika. Wanasema hana kivuli, na Mama aliwaambia saa sita nani ana kivuli. Ukizunguka ua kumfuata humkuti.

Nikamwuliza, "Amekohoa?"

Nikamsikia analia. Akasema, "Njoo na mtoto. Peke yangu siwezi."

Jumapili, Agosti 10, Zagayu

Tumefika saa nne. Daftari nilikuwa nimelitia kwenye mfuko wa nepi, na Fredrick tumemwacha barabarani na pikipiki, Mama amesema mambo haya ni ya watu wa ndani. Baba mkubwa hakutaka. Amesema marehemu haitwi, tutamleta nani. Mama amemjibu kwamba yeye ndiye aliyezaa, na baba mkubwa amechukua kiti chake amehamia nyuma ya nyumba.

Mashamba yamebaki miti mikavu. Pamba iliyosahauliwa imebaki hapa na pale.

Saa sita. Nimekaa kwenye kigoda karibu na lango, Elina mgongoni. Nguo imeonekana nyuma ya minyaa, kijivu au bluu iliyochakaa. Mbwa ameinua kichwa, amekilaza tena. Mama alisimama katikati ya uwanja, kanga ameikaza, na kwa muda mrefu midomo ilikuwa inatembea bila sauti. Nilifikiri hataweza. Nilikuwa tayari kumkumbusha jina, kama dada wa kwenye hadithi yangu.

Hakuhitaji. Aliita mara moja, vile alivyokuwa akiita zamani tukichelewa kisimani, na kero kidogo ndani yake.

"Nyamizi!"

Elina hakushtuka. Hakuna mtu mwingine humu ndani wa kuitika jina hilo.

Upande wa pili wa minyaa mtu akakohoa kidogo, kh, ya kusafisha koo.

Mama ametoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Sasa anatoa miti ya lango, mmoja mmoja, anaiangusha popote, ananiambia nilete maji ya kumwagia, na mimi bado sijainuka. Naandika ili mkono huu uwe na kazi. Mti wa mwisho umeanguka. Nasikia nyayo kwenye vumbi, za mtu anayekuja, lakini sijainua macho. Nikiyainua nitatazama nywele kwanza.